Neno la Maji Kibarazani

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka lake, mjomba wangu huchovya brashi pana kwenye kopo la maji, huchuchumaa, na kuandika neno moja kwenye saruji ya kibaraza: TUMEFUNGUA. Huliandika kwa herufi kubwa, polepole, kana kwamba litakaa hapo miaka. Kisha huweka kopo chini na kulitazama likikauka. T hutangulia kufifia, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa kwanza, halafu U, halafu M, mpaka A ya mwisho inabaki peke yake kama mtu aliyeachwa na wenzake njiani. A ikishaondoka, ndipo mjomba anapofungua mlango.

Wateja wamezoea. Dereva mmoja wa lori, ambaye huja kuandikiwa maneno nyuma ya gari lake, hapitishi siku bila kumtania.

"Fundi Herufi, hilo neno lako halina subira. Mimi sijafika, lenyewe limeshafunga."

"Lilikungoja likachoka," mjomba humjibu. "Siku moja jaribu kuamka."

Mjomba ni mchora vibao. Siku hizi vibao vingi huchapwa kwa mashine kwenye plastiki, kwa hiyo zimebaki kazi ambazo mashine haiziwezi: milango ya malori, kuta za shule, matangi ya maji. Duka lake ni chumba chembamba chenye harufu ya thina ya kuyeyushia rangi. Brashi zimesimama kwenye makopo ya maziwa, nyembamba upande huu, nene upande ule. Nyuma ya mlango kuna kioo ambacho sijawahi kumwona akikitumia kujitazama. Akimaliza kibao hukipa mgongo na kukiangalia kwenye kile kioo, kwa sababu herufi iliyopinda huweza kulidanganya jicho lililoizoea, lakini ikigeuzwa inajitangaza. Nilipomaliza chuo na kuanza kungoja kazi, nilikuwa nikikaa humo na vitabu vyangu. Tulielewana, maana hakuna kati yetu aliyehitaji kuzungumza.

Ukuta wa ndani umejaa picha za miji isiyo na watu.

Zamani barabara kuu ilipita upande mwingine. Iliunganisha mji wa kiwanda cha pamba, mji wa stesheni na mji wa mgodi. Kisha ikajengwa barabara mpya ya lami mbali na huko, treni zikaacha kusimama, mgodi ukafungwa, na watu wakahama mpaka hakubaki wa kumwambia mwenzake kwaheri. Kila baada ya miezi kadhaa mjomba hupakia kamera kwenye pikapu yake kuukuu na kuifuata barabara ile ya zamani. Hupiga picha vibao: KINYOZI. DUKA LA DAWA. VYUMBA VYA WAGENI. Majirani hudhani ni wazimu mdogo wa mtu asiye na mke wa kumzuia. Nyumbani tunajua sababu. Vibao vile alivichora yeye na mdogo wake, na katika kila safari huwa anamtafuta mdogo wake.

Huyo nilimkuta kwenye masimulizi tu. Walimwita Shoto, kwa sababu alishika brashi kwa mkono wa kushoto. Babu yangu, naye mchora vibao, aliwafundisha wote wawili kuandika kwa maji kibarazani ili wasimharibie rangi, na neno la kila asubuhi lilikuwa hilo hilo. Shoto alipoanza, mkono wake ulikuwa ukipita juu ya herufi alizokwisha kuandika na kuzifuta. Babu akachoka kumgombeza, akamwambia: basi anza na herufi ya mwisho, urudi nyuma. Tangu hapo Shoto aliandika kila neno kuanzia mwisho wake. Watu walikuwa wakisimama kumtazama neno likizaliwa miguu kwanza, na walicheka, naye alicheka nao.

Siku malori yalipokuja kuwabeba watu wa mwisho wa mji wa mgodi, Shoto alikuwa juu ya ngazi, akichora kibao cha duka la dawa. Mwenye duka alikuwa ameshaondoka.

"Shuka twende," mjomba alimwambia.

"Sijamaliza."

"Unamwandikia nani, Shoto? Hakuna mtu."

"Kibao kimeanza, lazima kiishe. Tangulia, nakuja."

Mjomba akatangulia. Mvua zikabomoa daraja, na alipofanikiwa kurudi alikuta kibao kimekamilika, ngazi imeegemezwa ukutani vizuri, na Shoto hayupo. Nilikuwa sijazaliwa.

Mwaka huu bibi, mama yao, alianza kuishika meza kila anapoinuka. Jioni moja alituita sebuleni.

"Nataka kumwombea mwanangu kama watu wanavyowaombea wafu wao," alisema, "wakati bado naweza kusimama. Kumngoja kumenimaliza. Nimeshazungumza na watu wa maombi, ni Jumapili hii."

Mjomba aliinuka. Alikwenda chumbani kwake akarudi na picha mbili, akaziweka kwenye paja la bibi. Zote mbili zilikuwa za kibao cha kinyozi, mji wa pamba.

"Mama, hii ni ya mwaka juzi, na hii ya juzi juzi tu. Nyekundu ndiyo rangi inayoliwa na jua mapema. Ilipaswa kuwa imepauka. Angalia."

"Niangalie na macho gani? Mimi naona mabaka mawili."

"Nipe safari moja."

"Nimekupa safari ngapi wewe?"

"Moja tu, mama."

Bibi alinisogezea picha. Nilizitazama, nikamwambia kwamba ile mpya ilikuwa nyekundu zaidi.

"Mchukue huyu," bibi alimwambia mjomba. "Ana macho mazuri anayamalizia vitabuni. Wewe na vitabu vyako mtaoana siku moja," akaniambia mimi. Kisha akamgeukia tena mwanawe, na sasa hakuwa akitania. "Ukirudi mikono mitupu, baba, Jumapili tunamzika kwa maneno. Na hutakwenda tena."

Tuliondoka Ijumaa alfajiri. Baada ya njia panda lami iliisha, na majani ya katikati ya barabara yakaanza kupangusa tumbo la gari. Mjomba aliendesha mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani. Hatukukutana na chombo chochote.

Mji wa pamba ulitupokea kwa nyavu za madirisha ya kiwanda, ambazo bado zilikuwa na vifundo vya pamba vilivyokwama. Vilitikisika, ingawa sikuhisi upepo. Nilifuata nyayo za mjomba hadi kwa kinyozi. Herufi za kibao zilikuwa na kingo kali, kama za jana. Mjomba alizigusa kwa kidole, akakinusa.

"Rangi imekauka," alisema. "Lakini haina vumbi."

Ndani, vumbi lilikuwa limefunika kila kitu: kiti, rafu, mashine ya kunyolea ya mkono. Kioo kikubwa hakikuwa ukutani tena. Kilikuwa kimeinuliwa na kusimamishwa juu ya kiti, kimeelekezwa barabarani, na katikati yake palikuwa pamepanguswa duara, kwenye kimo cha uso wa mtu. Nilijiona humo, na nyuma yangu nikaona kibao cha duka la ng'ambo, maandishi yake yamegeuka. Nacho kilikuwa kimepakwa rangi upya.

Mjomba alikitazama kioo kile kwa muda mrefu. Alipiga picha moja, akapiga nyingine.

"Tusikiguse," alisema.

Katika mji wa stesheni milango ilikuwa wazi. Si kwa kuvunjika. Kila mmoja ulikuwa umefunguliwa kiasi cha mtu kupita, ukazuiwa na jiwe usijifunge, barabara nzima, upande huu na upande ule. Mawe yenyewe yalilingana kwa ukubwa. Nilijikuta natembea katikati ya barabara, mbali na milango yote, nikiwa nimeshika ukingo wa shati la mjomba kama mtoto mdogo. Hakunicheka. Kwenye jukwaa la treni kibao cha WANAOSAFIRI kiling'aa juu ya benchi tupu, na mbele ya benchi udongo ulikuwa umefagiwa. Mistari ya ufagio ilionekana.

"Kuna mtu anaitunza," mjomba alisema, karibu kwa kunong'ona. "Yote. Anaitunza yote."

Tulifika mji wa mgodi jua likiwa utosini. Bonde lile hurudisha kila sauti, na sauti ya injini yetu ilikuwa imetutangulia kwa dakika nyingi. Tulipozima gari, niliisikia bado ikinguruma mlimani, kisha ikaacha. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Nyumba zilisimama kwa mistari, kuta zimepasuka, miti imeota ndani na kutoa matawi kupitia mapaa. Duka la dawa lilikuwa mwisho wa barabara. Juu yake DUKA LA DAWA, kijani kibichi. Chini yake, kibaraza cha saruji kilikuwa kinametameta.

Mjomba alisimama. Nami nikasimama.

Saruji iliandikwa kwa maji. Ilisomeka TUMEFUNGU. Palipopaswa kuwa na A palikuwa na unyevunyevu tu, nao ulikuwa ukijivuta kwenda katikati. Nikiwa bado natazama, U ya mwisho ikaanza kupungua kingo.

"Mjomba," nilisema.

"Nimeona."

Neno lilikuwa likifutika kutokea mwisho. Kwa jua lile, maji hayakai kwenye saruji muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai. Aliyeandika alikuwa ametoka kuandika, na herufi yake ya mwisho, iliyolowa kuliko zote, ilikuwa T.

Mjomba aliinua kamera. Alipiga picha, akangoja, akapiga tena. TUMEFUNG. TUMEFUN. Hapakuwa na sauti nyingine duniani ila ile kamera. Mlango wa duka ulikuwa wazi kiasi cha mtu kupita, umezuiwa na jiwe. Ndani kulikuwa na giza la mchana, lile ambalo jicho likitoka juani haliwezi kulipenya. Niliingoja sauti ya mjomba. TUME. Kisha TU. Nilihisi, kama unavyohisi mtu akikutazama ukisoma, kwamba giza lile halikuwa tupu, na kwamba likiitwa litaitika, na sikujua ni nini kitakachotoka.

T ilibaki peke yake. Mjomba aliipiga picha. Ikaondoka.

Akafungua mkoba wake, akatoa brashi ya kuchorea yenye nywele laini iliyokuwa ya babu, ambayo mimi sikuwahi kuruhusiwa hata kuiosha. Akapanda kibarazani, akailaza pale lilipokuwa neno, mpini ukielekea mlangoni, upande wa kushoto. Akarudi nyuma bila kugeuka.

"Twende," alisema.

Barabara ilikuwa nyembamba, ikabidi tuingie uwanjani kugeuza gari, kisha tupite tena mbele ya duka. Mjomba alitazama mbele. Mimi nilitazama kibaraza. Brashi haikuwapo.

Bibi alikuwa amekaa sebuleni tulipoingia, akiwa amevaa kitenge chake cha kwendea kwa watu, kama mtu aliyejiandaa kupokea habari mbaya kwa heshima.

"Haya. Mikono ina nini?"

Mjomba alipiga magoti kando ya kiti chake, akaiwasha kamera, akakuza picha kwenye kioo chake kidogo mpaka herufi zikakijaza. Bibi aliisogeza karibu na pua. Mjomba alimwonyesha ya kwanza, ya pili, ya tatu, moja baada ya nyingine, polepole, bila kueleza.

"Ni kibaraza," bibi alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kimeandikwa kwa maji." Aliinamia kioo. "Rudisha. Pitisha tena." Mjomba akapitisha tena. Kidole cha bibi kilikuwa kikifuata kioo kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi ikitoweka, mpaka kikafika kwenye T na kubaki hapo. "Alikuwa akiniandikia jina langu sakafuni jikoni. Nilikuwa nikilikanyaga makusudi ili nimsikie akilalamika."

Hakulia. Alimrudishia mjomba kamera, akaegemea kiti.

"Waambie watu wa maombi Jumapili nina nguo za kufua."

"Nitawaambia."

"Na wewe, mwenye macho, nichemshie maji ya kuoga. Nimevaa nguo nzito bure."

Jumatatu asubuhi mjomba alichovya brashi kwenye kopo, akachuchumaa, akaandika. Mkono wake ulisogea kwa mwendo ule ule wa siku zote. Nilikaa kando yake kwenye kizingiti, kitabu kikiwa kimefungwa mapajani, nikalitazama neno likianza kuondoka kuanzia T. Kulikuwa na swali lililokuwa limenikaa kifuani tangu Ijumaa, na sikuwa mtu wa kuuliza. Nilingoja mpaka ikabaki A.

"Mjomba, kwa nini hukumwita?"

Alisubiri A ikauke. Kisha akainuka, akavuta kitasa cha mlango.

"Alisikia gari letu tangu mbali, ndiyo maana aliandika. Angetaka kuitwa, angekaa pale pale kibarazani."