Dari ya Mikeka

Nyumba yetu ya mjini Kasongo ilikuwa ya udongo, imeezekwa nyasi, na mama ndiye aliyeitunza. Juu ya kuta, chini tu ya paa, kulikuwa na matundu ya kupitishia upepo. Kila Ijumaa asubuhi, baba akijitayarisha kwenda msikitini, mama alikipindua kinu, akapanda juu yake, akaondoa kwa kijiti utando wa buibui na viota vya nyigu. Wakati wa kiangazi, asubuhi zilipokuwa na baridi ya kutufanya tujikunyate, aliwasha moto mdogo ndani. Moshi ulipanda ukazikausha nyasi, na wadudu hawakukaa. Jua likipanda aliuzima, akazoa majivu, akanyunyiza maji sakafuni na kufungua mlango wa nyuma. Wageni waliotoka juani waliingia kwetu wakashusha pumzi kabla hata ya kusalimia.

Baba alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka moja sokoni. Nyumbani alirudi kula na kulala tu, kama wanaume wengine wa mtaa.

Mimi nilikuwa msichana wa kuanza kujifunga kanga mama alipoanza kukohoa. Kwanza tulisema ni vumbi. Alipoanza kukonda, baba alimpeleka dispanseri, nami nikafuata nimebeba mkeka wake. Muuguzi aliweka sikio mgongoni kwa mama, akakaa hivyo muda mrefu.

"Unapika ndani?" alimwuliza.

"Ndiyo. Moto unatunza paa."

"Acha. Kifua chako hakitaki moshi tena." Kisha akamgeukia baba, akashusha sauti. "Baba, huyu mama apumzike. Apate hewa nzuri. Dawa iko kidogo tu hapa."

Basi mafiga yakahamishiwa uani, na kazi ya kupika ikawa yangu. Masika yaliyofuata paa lilianza kuoza, maana halikupata moshi. Mchwa walikula fito, na unga wao ulimwangukia mama kitandani, kwenye nywele, kwenye kikombe chake. Baba alitazama jambo hilo siku kadhaa. Halafu akauza baiskeli yake, akanunua mabati, ambayo sisi tuliyaita manjanja.

Majirani walikuja kumpongeza. Hata Mzungu aliyepita kukagua usafi wa mtaa aliinyooshea nyumba yetu kidole na kuwaambia wengine waige. Baba alitembea kwa miguu kwenda kazini, lakini alitembea kifua mbele.

Mvua zilipokwisha, jua likaanza kupiga yale mabati. Kufikia adhuhuri nyumba ilikuwa kama chungu kilichofunikwa. Mama alilala amelegeza nguo, jasho linamtoka shingoni, nami nikimpepea kwa ungo. Siku moja baba alirudi mapema akamkuta hivyo.

"Baba watoto," mama alisema, "usifikiri sina shukrani. Paa iko muzuri. Lakini humu ndani ninaiva."

Baba aliketi chini kando ya kitanda. Niliona mikono yake haijui pa kwenda.

"Zamani nyumba ilikuwa baridi," akasema. "Ulikuwa unafanya nini?"

Mama alicheka mpaka kikohozi kikamshika. "Miaka yote unalala humu, haujui?"

"Sijui. Nifundishe."

Mama akamfundisha, akiwa amelala, kwa sauti ya kukatika. Alimwonyesha kwamba mafundi wa paa walikuwa wamekandika udongo kwenye matundu yote. Baba akachukua tindo, akayafungua moja baada ya jingine. Akanunua mikeka, akaishona pamoja kwa sindano kubwa ya magunia, tukaitundika kwa kamba chini ya mabati iwe dari, tukiacha nafasi katikati ili joto lipite na kutokea kwenye matundu. Tangu hapo, mchana wakati wenzake wakipumzika, yeye alikuja nyumbani mbio, akanyunyiza maji sakafuni, akafungua mlango wa nyuma, akarudi kwenye cherehani. Wanaume wa baraza walimcheka kwamba amekuwa mwanamke.

Kila Ijumaa yeye ndiye aliyepanda juu ya kinu. Alifagia kinyesi cha popo juu ya mikeka, akaangalia kamba zisiwe zimelegea. Mama alimfuata kwa macho tu.

"Kona ile umeisahau."

"Nimeiona, mama watoto. Ninakuja."

Asubuhi za baridi zilipofika, mama alitetemeka. Baba aliwasha makaa uani kwenye mbabula, lile jiko letu la makaa, akasubiri mpaka yawe mekundu na moshi wote umekwisha, ndipo akayaingiza ndani.

"Usifunge mulango," mama alimkumbusha kila mara. "Hata kama iko baridi. Makaa inaua watu."

"Sifungi."

Nilidhani atapona. Mtu anayetunzwa hivyo, niliwaza, anawezaje kufa? Lakini alizidi kuwa mwepesi, hata mimi peke yangu niliweza kumgeuza.

Alasiri moja ya kiangazi baba alikuwa amekwisha kunyunyiza maji, na upepo ulikuwa unapita vizuri juu yetu.

"Nyumba iko baridi leo," mama alisema.

Baba alisimama na kopo mkononi. "Baridi nzuri ao baridi mubaya?"

"Nzuri."

Hakusema tena. Alipumua taratibu, kisha hakupumua. Baba aliliweka kopo chini, akamfumba macho kwa vidole vyake vya kushona. Tulimzika kesho yake asubuhi.

Baada ya matanga, shangazi yangu, dada yake baba, alimkuta kaka yake akinyunyiza maji mchana.

"Kaka, mugonjwa hayuko. Unamumwagia nani?"

"Joto iko," baba akajibu, akaendelea.

Aliendelea mwaka mzima na zaidi. Kisha ndugu zake wakamwoza mjane mmoja, mwanamke mpole, mnyamavu. Nilijiapiza sitampenda. Siku za mwanzo alikaa akitazama juu, kwenye ile dari, na jioni moja tukiwa tunakula aliniuliza, "Mwanangu, mama yako alikuwa anafanya namna gani? Nisiharibu kitu."

Baba alinawa mikono kabla hajashiba, akatoka uani. Tulimsikia akivuta kamasi huko nje, akijifanya anapanga kuni.

Ijumaa iliyofuata nilikipindua kinu, nikampa yule mama mkono apande, nikamwonyesha.