Herufi Tatu na Mrija wa Kasiksi

Baba mdogo alinitoa shuleni wiki ileile tuliyomzika mama. Baba alikuwa ametangulia. "Shule iko ya watoto wenye wazazi," aliniambia, akanipeleka upande wa Walikale kuosha vyombo kwa wamisionari wa Kiprotestanti waliosema Kiingereza. Chumvi na sabuni nilizolipwa kila mwezi alizifuata mwenyewe, akazibeba mpaka kwake, karibu na Kingi. Wadogo zangu wawili, msichana na mvulana, walibaki kwake. Walilima shamba la migomba la baba yetu kama vibarua, na ndizi zilikwenda soko la Sake kichwani kwa mke wake.

Kusoma nilikuwa nimekwisha kujua; hilo hakuweza kuniondolea. Kutoka jikoni nilimsikia madamu, mke wa mmisionari, akiwafundisha watoto wake barazani. Alikata herufi kwenye makasha ya biskuti, akaweka tatu mezani: e, a, r. Zikiwa peke yake ni ear, sikio. Watoto waliongeza herufi mbele au nyuma, na neno jipya likatoka na sikio ndani yake. Hear, kusikia. Tear, chozi. Fear, woga. Earth, udongo. Kwao ulikuwa mchezo. Mimi nilisugua sufuria nikiyarudia maneno hayo, kwa sababu yote yalikuwa mambo ya nyumbani kwetu.

Nilipopata ruhusa ya kurudi niliwafundisha wadogo zangu kati ya migomba, kwa kijiti, juu ya udongo wenyewe. Tukayafanya lugha yetu. Dada akisema "tear" wakati wa kula, nilijua amepigwa. Akisema "ear", kuna anayetusikiliza, tulinyamaza.

"Munasema nini hivyo?" mke wa baba mdogo aliuliza siku moja.

"Maneno ya Mungu, mama," mdogo wangu wa kiume alijibu, macho makavu kabisa.

Kisha ikafika siku ya kuondoa matanga ya baba, yaliyokuwa hayajaondolewa tangu afe. Kwetu, pombe ya ndizi ya siku hiyo, kasiksi, hutoka kwenye migomba ya marehemu, na mtoto wake mkubwa ndiye anayevuta mrija wa kwanza. Akishavuta, ndugu aliyemshikia kibuyu husema anachokitaka, na hakuna wa kumkatalia. Baba mdogo alikuwa ameniahidi kwamba ataomba jambo moja tu: kulinda shamba mpaka nioe. Nilimwamini, kwa sababu alikuwa na sura ya baba.

Ukoo wote ulikuwa umekaa. Kibuyu kilikuwa mikononi mwake, mrija tayari kwenye midomo yangu. Dada akapita na mtungi wa maji, akainama karibu yangu.

"Hear, kaka. Earth."

Dada alikuwa amesikia mpango wao nyumbani. Baba mdogo hakutaka ulinzi. Alitaka udongo.

Niliutoa mrija mdomoni.

"Vuta, mutoto wangu," alisema, akitabasamu kwa ajili ya watu.

"Baba mudogo, mimi niko mutu ya misioni. Kule hatunywi pombe."

"Kidogo tu! Ni kwa heshima ya baba yako."

"Wewe mwenyewe njo ulinipeleka kule."

Mzee mmoja wa ukoo alianza kucheka mpaka akakohoa. "Kweli! Ulikula sabuni yake, sasa meza na dini yake!"

Wanawake wakapokea kicheko. Baba mdogo alinisogezea kibuyu tena kwa nguvu, kasiksi ikamwagikia miguu yake. Sikufungua mdomo. Bila mrija wa kwanza hakuna aliyeweza kunywa, na hakuna aliyeweza kuomba kitu. Watu waliondoka na kiu yao wakimlaumu yeye. Kasiksi ilichacha mlemle kwenye mitungi, na mimi nilikaa nikiinusa kwa furaha.

Sikurudi kuosha vyombo. Shamba lilikuwa bado letu; tulijenga kibanda katikati ya migomba ya baba, tukailima sisi watatu. Kila mwaka baba mdogo alikuja na kibuyu kipya, kila mwaka sauti yake ikawa ndogo zaidi, na kila mwaka nilimjibu kwamba dini yangu bado inanikataza.

Alipokufa nilikwenda kwenye matanga yake mapema. Nilingoja mtoto wake mkubwa avute. Halafu nikaomba mrija, nikanywa mpaka kibuyu kikakoroma.