Mguu wa Fundi Mkuu

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya miguu bandia, kwenye hospitali moja mjini Nyeri, Fundi Mkuu hakunisalimia. Alinitazama kutoka juu hadi chini, akaniuliza, "Ati wewe ndiye ile diploma imetoka ng'ambo?"

"Ndiye mimi, Mzee."

"Hiyo diploma inajua kuchonga kisigino?"

"Inajua."

"Haya, shika tupa."

Nilichonga. Alikigeuzageuza kile kisigino, akakirudisha mezani bila neno. Kwa mtu yule, hiyo ilikuwa sifa kubwa. Tangu siku hiyo aliniita Diploma, nami sikukasirika, maana niliitafuta kwa jasho langu. Nilikwenda Uingereza bila mjomba wa kunishika mkono, nikaogesha wazee usiku na kusoma mchana, nikarudi nyumbani na ufundi ambao sikusikia mwanamke mwingine aliyekuwa nao kutoka Kerugoya hadi Timau.

Vijana hudhani kazi yetu huanza mguu ukishakatwa. Sivyo. Mgonjwa hutayarishwa kabla. Tulimfundisha kujiinua kitandani kwa mikono, kwa sababu mikongojo hubebwa na mabega. Tulimlaza kifudifudi ili nyonga isijikunje, na tulimkataza kuweka mto chini ya goti, maana goti lililozoea kukunjwa halitanyooka tena. Kisha tulitayarisha moyo. Hapo Fundi Mkuu alikuwa na hotuba yake: "Mguu ni chombo. Chombo ikiharibika, inabadilishwa." Waliochelewa aliwafokea bila huruma. "Ulikuwa unangoja nini? Ulidhani itamea ingine?"

Jambo alilolilinda kuliko yote lilikuwa goti. Mtu akikatwa chini ya goti, kigutu chake, yaani kile kipande kinachobaki, huingia kwenye soketi, ambayo ni kikombe cha mguu bandia, naye hurudi shambani kuchuma chai. Akikatwa juu ya goti, huvaa goti la chuma. Fundi Mkuu aliliita bawaba la mlango.

Baadaye nilihamishiwa Nanyuki chini ya Afisa Msimamizi wa Tiba, bwana mpole aliyetia sahihi kila nilichomwekea mezani. Nikahudumu huko na Timau, nikiwapima wafanyakazi wa mashamba ya ngano waliokuwa wameshikwa na mashine. Huko sikuwa msaidizi wa mtu, na hakuna mgonjwa aliyenirudishia mguu niliomtengenezea. Niliporudi Nyeri nilirudi kama naibu wa Fundi Mkuu.

Ndipo nikaukuta ule mguu.

Ulikuwa nyuma ya magunia ya plasta, umechongwa vizuri ajabu, lakini haukuwa na soketi wala kibandiko cha jina la mgonjwa. Umbo la muundi lilikuwa limepinda kidogo kwenda nje. Nilimjua mtu mmoja tu mwenye mguu wa namna hiyo.

"Mzee, hii ni ya nani?"

Alifunga mlango, akaketi, akavua kiatu cha kulia.

Nimeona miguu iliyosagwa na trekta. Sikuwahi kushtuka kama siku ile. Vidole viwili vilikuwa vyeusi kabisa, na chini ya wayo palikuwa na shimo. Kisukari kilikuwa kimeua hisia, hata hakuwa anasikia maumivu. Alikuwa amejitengenezea soli ya ndani, kazi safi isiyo na mfano, akatembea mbele yetu kwa miezi bila kuchechemea. Harufu ya gundi ya karakana ilikuwa imefunika harufu ya kidonda. Yeye! Mtu aliyewafokea wakulima wa Kianyaga kwa kuchelewa siku chache!

"Nilitaka kumaliza hii kwanza," alisema, akiushika ule mguu bandia. "Nikitoka theatre, nikishakatwa, niivae."

"Bila soketi? Kigutu hujapata, umepima nini?"

Alijua kuliko mimi.

Nilimpeleka kwa Daktari Mkuu wa Upasuaji saa ile ile. Daktari alimpapasa mguu kwa muda, akasema, "Kesho nitakata chini ya goti. Ukienda nyumbani kufikiria, sikuahidi goti."

Mkewe alipofika wodini alisimama kama amepigwa kofi. "Kumbe ni hii! Mwanaume anaanza kufua soksi zake mwenyewe, nami nimekuwa nikimuuliza Mungu huyo mwanamke anakaa mtaa gani!"

"Sasa umemwona," Fundi Mkuu alimjibu. "Anakaa kwa kiatu."

Mama huyo alicheka, akalia, akamchapa begani kwa mkoba.

Lakini sahihi ya kukubali upasuaji Fundi Mkuu hakutaka kutia. Nilimwambia ajiinue kwa mikono, akakataa. Nilianza maneno ya kumtuliza, akanikata. "Hiyo hotuba ni yangu, Diploma. Usiniuzie kitu yangu." Alikuwa ameweka mto chini ya goti, yeye mwenyewe! Niliuvuta, akaushika, tukavutana kama watoto mbele ya wodi nzima.

"Sawa, Mzee. Kaa na mto yako. Wiki ijayo nitakupimia bawaba la mlango. Nitalipaka na mafuta lisikupigie kelele kanisani."

Mkewe akaniangalia kwa hofu. Fundi Mkuu alinikodolea macho, kisha akauachilia mto, akageuka taratibu, akalala kifudifudi. Akiwa hivyo, akanyoosha mkono nyuma kuomba kalamu.

Asubuhi Daktari alikuja kuchora alama. Fundi Mkuu aliinua kichwa kuitazama.

"Daktari, hapo ni juu sana. Huyu msichana atashikisha soketi wapi? Shuka vidole vitatu."

"Ngozi ya huko chini haitapona, Mzee."

"Weka mkono. Ni moto hiyo, damu inafika."

Daktari aliweka mkono. Alifuta alama, akachora nyingine chini kidogo. "Viwili," alisema. "Usinipandishie bei."

Niliwafuata hadi mlango wa chumba cha upasuaji. Pale Fundi Mkuu alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu.

"Itauma?"

Nilistaajabu. Swali hilo alikuwa amelijibu maisha yake yote ya kazi.

"Mzee, si wewe ndiye unajua?"

"Sijui. Mimi nilikuwa nawaambia tu."

Nilimwambia itauma, na kwamba nitakuwa pale akiamka. Niliketi pale mlangoni na mkewe mpaka alipotoka. Goti lilibaki. Soketi yake niliitengeneza mimi, akanirudishia mara mbili, na ya tatu akatoka nayo bila kuniaga.

Sasa nimestaafu, nina nyumba yangu ya mawe hapa Nyeri. Wageni huvua viatu mlangoni, wakidhani nalinda zulia nililoleta kutoka ng'ambo. Ni zulia zuri, sikatai. Lakini mimi huangalia nyayo. Bado sijazoea jinsi watu wanavyoweza kuficha.

Mwezi uliopita shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikataa kuvua. "Mimi nakaa kidogo tu," alisema. Nilimwambia chai iko tayari ila haitamiminwa. Alisimama pale mlangoni, kofia mkononi, mpaka dada yangu akaacha kucheka. Kisha shemeji akainama, akafungua kamba. Chini ya wayo palikuwa na shimo.

Jumatatu analazwa. Kila jioni naenda kwao, namlaza kifudifudi.