Zulia la Kalobeyei Nililolipata kwa Bei ya Kutupa

Kuna siku nilinunua zulia la elfu kumi na nane kwa elfu tatu na mia tano, na aliyeniuzia ndiye aliyelibeba kichwani hadi kwa bodaboda, akanifungia na kamba.

Hakubishana bei hata mara moja.

Kabla hamjaanza kunipongeza kwenye komenti, someni hadi mwisho.

Naitwa Nawoi, mtu wa Nawoitorong hapa Lodwar. Nina kibanda cha chapati na maharagwe, nina binti mmoja, Akaale, na nina mdomo. Aliyewahi kuniuzia kitu anaujua. Nyanya za mia nachukua kwa sitini na bado naomba nyongeza. Siringi, nasema tu mnijue.

Sasa, Akaale akapata mchumba. Kijana anaitwa Lokuruka, wa Eliye Springs, watu wenye mifugo yao. Wakatuma ujumbe kwamba baada ya miezi michache watakuja nyumbani rasmi.

Nikaangalia sebule yangu. Sementi imepasuka, juu yake karatasi ya nailoni yenye maua.

Nikasema hapana. Hawa watu hawatakanyaga nailoni.

Nilizunguka maduka yote ya Lodwar. Kapeti zilizopo ni zile za kiwanda, ukifagia mara mbili zinaanza kunyonyoka. Bei yake nayo ya kukuua. Mteja wangu mmoja akaniambia, "Si uende Kalobeyei, kule kwa wakimbizi, kwa Mama Annick? Yule anafuma kwa mkono."

Nikaenda.

Mama Annick jina lake Spéciose, Mrundi, mwembamba, sauti yake ya chini hadi unasogea kumsikia. Mumewe Elie ni Mkongo wa Uvira. Yule mama alikuwa ananunua sweta za mitumba zilizotoboka, anazifumua uzi, anautia rangi, halafu anaketi mbele ya fremu ya mbao iliyoegemezwa ukutani na kufunga fundo moja moja. Zulia moja, miezi saba.

Mimi sinunui kitu kwa macho tu. Nililigeuza mgongo, kwa sababu la kiwanda mgongoni utakuta gundi, na la mkono utaona kila fundo. Nikaona mafundo. Nikavuta pindo, halikutoka hata uzi. Nikalowesha kitambaa cheupe kwa mate nikasugua pale penye nyekundu. Kitambaa kikabaki cheupe.

Moyoni nikasema, hili ni langu. Usoni nikakunja sura.

"Bei gani, Mama Annick?"

"Kumi na nane elfu."

"Nina tisa."

"Tisa ni bei ya sweta, mama. Na mikono yangu je?"

Nikafanya ile mbinu yetu ya kuondoka polepole ili uitwe. Nikafika kwa jirani, sijaitwa. Nikafika barabarani, sijaitwa. Nikarudi Lodwar na hasira zangu.

Miezi mitatu baadaye, Ekuru akanipigia simu. Ekuru ni mtoto wa shangazi yangu, dereva wa basi linalopeleka wakimbizi uwanja wa ndege wakati wanaruka kwenda kuishi nje. Akaniambia jina la Elie limetoka. Familia yote, wanaruka Alhamisi.

Kama hujui mambo ya kambi za Kakuma na Kalobeyei, nikueleze. Familia ikiitwa kuruka, inauza kila kitu kwa siku chache. Godoro, sufuria, mabati, hata mlango unang'olewa. Kwenye ndege unaruhusiwa begi tu. Na sisi wenyeji tunalijua hilo. Tunapigiana simu, "fulani anaruka," na tunakimbia kabla wengine hawajafika. Kadiri siku inavyokaribia ndivyo bei inavyoshuka. Ni kawaida yetu, hakuna anayeona haya.

Nikapanga kwenda Jumatano. Jumatano bei itakuwa imelala kabisa.

Jumatano asubuhi nikiwa nakanda unga, Ekuru tena. Safari hii anaongea kwa kunong'ona.

"Nawoi, hakuna kuruka. Ndege zimesimamishwa zote. Huko walikokuwa waende wamekataa."

"Hadi lini?"

"Hakuna anayejua. Na usiseme kwa mtu. Wataambiwa kesho kwa mkutano."

"Kwa hivyo Mama Annick hajui?"

"Atajulia wapi? Hata mimi nimesikia tu nikipita ofisini."

Nikakata simu. Nikasimama pale na unga mikononi.

Mtu mwenye utu angefanya nini? Angeenda kumwambia yule mama, "Ngoja, usiuze kitu." Au basi angekaa nyumbani na chapati zake.

Mimi nilinawa mikono nikavaa viatu. Nilijua akishasikia, hauzi tena.

Nilifika saa nne. Nyumba ilikuwa imebaki kuta na paa, na paa lenyewe lilikuwa na mnunuzi. Ile fremu ya kufumia jirani alikuwa ameshaipasua kuni, vipande viko kando ya jiko. Elie alikuwa katikati ya uwanja, amevaa suti, viatu vimepigwa rangi hadi vinang'aa, anagawa vikombe kwa majirani.

"Karibu mama, ikala hapa kwa gunia," akaniambia. "Viti bimeisha, banabeba vyote."

Alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima. Nikashindwa kumtazama.

Spéciose akalitoa zulia. Nikajifanya nalikagua.

"Nina elfu tatu na mia tano," nikasema, macho yangu kwenye zulia.

Nilingoja anitukane. Ningekuwa mimi ningetukana. Yeye akamtazama mumewe kwa muda mrefu.

Elie akacheka. "Umupatie tu, Spéciose. Kule tutaifanyia nini? Kule kuko mamashini."

"Sawa," Spéciose akasema.

Sawa. Miezi saba ya mafundo ikaisha kwa neno moja. Elie akazipokea zile pesa kwa mikono miwili, akaita jirani amtume akanunue nyama na soda. Spéciose akalikunja zulia, akajitwika, akatangulia mbele yangu hadi barabarani.

Nilijisikiaje? Nitasema ukweli maana ndiyo sababu ya kuandika. Nilifurahi. Nilifika Lodwar natabasamu, nikalitandika sebuleni, nikavua viatu nikatembea juu yake huku na huku.

Kesho yake habari zikatoka redioni. Nikaizima redio.

Wiki mbili baadaye wakwe wakaja. Mama Lokuruka, mwanamke mkubwa wa mwili na wa sauti, alikataa kiti. Akaketi chini kwenye zulia, akanyoosha miguu, akalipapasa kwa viganja. Maneno yakaenda vizuri, chai ikanyweka. Wakati wa kuondoka akasema, mbele ya wote:

"Mama Akaale, hiki kitu nimekipenda. Nipe."

Kwetu Turkana mtu wako akikuomba kitu si kukosa adabu. Ni kukuonyesha kwamba sasa nyinyi ni wamoja. Na kumnyima mama wa mchumba, siku ya kwanza, kwa kitu ambacho ameshakikalia? Ni heri umwambie achukue kijana wake aende.

Nililikunja mwenyewe. Likapandishwa kwenye gari lao likaenda Eliye.

Nikajiambia, afadhali. Limeondoka machoni pangu.

Halafu Ekuru akaja hadi kibandani, akaketi bila kuagiza.

"Mke wa Elie anakutafuta. Anauliza kama kapeti bado liko. Nyumba ni tupu, hawana pa kuanzia, fremu ilichomwa. Kuna mtu wa hoteli Nairobi alikuwa amelitaka zamani, bado analitaka kwa bei yake kamili. Anaomba umrudishie, wewe akurudishie zako."

"Na Elie?"

"Elie haamki. Analala kwa udongo, anaangalia ukuta."

Nikamwambia Ekuru nitalileta. Sijui nilikuwa nafikiria nini, lakini nililisema na nilimaanisha.

Kesho yake nikaenda Eliye na uongo wangu tayari.

"Ejok, mama Lokuruka."

"Ejok noi. Karibu, mama Akaale."

"Nimekuja kulichukua lile zulia nilioshe kidogo. Lina dawa yake, usipoliosha linaliwa na wadudu."

Akacheka hadi mabega yakatikisika. "Utachukua lipi? Nusu iko hapa, nusu iko kwa mwenzangu."

Sikuelewa. Akaninyooshea mkono kuelekea ndani.

Wale ni wake wawili kwa mume mmoja. Na kitu kinachotoka kwa wakwe, kwa boma lile, hakiliwi na mke mmoja. Kikiwa nyama kinagawanywa, kikiwa kitambaa kinagawanywa. Mama Lokuruka alitenda haki yake yote. Alichukua panga akakata zulia katikati.

Juu ya ile nusu walikuwa wamelala wanambuzi watatu. Ukingo ulikuwa umeanza kuachia nyuzi.

Nifanye nini? Nilie? Ningelia angeuliza kwa nini, na ningesema nini? Nilikunywa chai yake nikashukuru. Nikatoka nje, nikasimama kwenye mchanga.

Nikakusanya elfu tano, zote nilizokuwa nazo, nikaenda Kalobeyei.

Mlangoni kulikuwa na gunia limening'inizwa. Ndani Elie amelala amegeukia ukuta, bado na suruali ya ile suti. Hakugeuka. Spéciose akanitoa nje, tukasimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta.

Akatazama mikono yangu, akaona sijabeba kitu.

"Limekatwa," nikasema. Nikamweleza yote, wakwe, wake wawili, panga.

Akauliza, "Walishona ukingo baada ya kukata?"

"Hapana."

"Basi linafumuka. Mwaka hauishi."

Hapo nikashindwa kuendelea kujizuia. Machozi yakanitoka, mimi mwenye mdomo, maneno yakawa hayapangiki.

"Mama Annick, nisamehe. Ile siku nilijua. Nilikuwa nimeshaambiwa ndege zimesimama. Nilikuja haraka ili nikupate kabla hujajua."

Hakushtuka.

"Nilijua kwamba unajua," akasema.

Nikamkodolea macho.

"Kila aliyekuja kununua kwangu aliuliza mnaruka lini, mnaenda nchi gani, kule kuna baridi? Hata aliyenunua kijiko aliuliza. Wewe ulikaa kwa gunia letu, mume wangu na suti yake, na hukuuliza safari."

"Na wewe..." nikasema. "Wewe ulikuwa unajua hamuendi?"

"Dada yangu yuko kule. Alinipigia asubuhi ile niko kwa maji. Kabla yako."

"Sasa kwa nini uliniuzia?"

Akatazama lile gunia la mlangoni. Akashusha sauti zaidi.

"Miaka kumi na miwili Elie anangoja jina. Alikuwa na siku moja tu ya kufurahi imebaki, kesho yake mkutano. Ningekataa kuuza, angeniuliza kwa nini. Ningebishana bei, angeniuliza kwa nini ninabishania kitu ambacho siendi nacho. Nikanyamaza. Alinunua nyama, akala na majirani, akaimba. Alilala na viatu, anasema asubuhi asichelewe."

Nikaingiza mkono mfukoni, nikazishika zile pesa.

"Ile siku niliinunua mimi, kwa kapeti langu," akasema. "Nilijua ninalipa nini na ninapata nini. Wewe ulikuja kuniibia tu."

Nikamnyooshea zile elfu tano. Niliona aibu kuzinyoosha na ningeona aibu zaidi kuondoka nazo. Akazipokea.

"Hizi nitachukua, watoto wanakula. Lakini kwangu usirudi."

Akainua gunia akaingia ndani.

Ndege hadi leo hazijarudi, na mimi sina uwezo wa kurudisha ndege. Binti yangu anaishi Eliye, sina uwezo wa kumnyang'anya mama mkwe wake kitu cha nyumbani kwake. Elie, Ekuru anasema siku hizi anaamka, anakaa nje, lakini haongei. Kalobeyei sijarudi, kwa sababu nilikatazwa, na mwenye kukataza ana haki.

Ndugu zangu, ukinunua kitu cha mkono wa mtu, kigeuze, kivute pindo, sugua rangi, bishaneni bei hadi mate yakauke. Hiyo haimuumizi mtu. Lakini kama kuna jambo unalijua na unadhani yeye halijui, mwambie kwanza, ndipo mtaje bei. Pengine analijua tayari, na anakutazama aone kama utamwambia.