Nani Anaenda Ndola?

Katika shule ya jioni ya Kamalondo, mtaa wetu, nilijifunza Kiingereza kwa sababu moja. Nilitaka kazi ya kukata tikiti stesheni, kule walikoshuka abiria wa Rodezia. Mwalimu alituahidi kwamba atakayefanya vizuri mtihani wa mdomo atapewa barua ya kupeleka kwa shefu wa gare, mkuu wa stesheni.

Mtihani wenyewe ulikuwa kupanga konje, likizo ya watu watatu: mimi, fundi cherehani, na mpishi wa Wazungu. Tukubaliane kwa Kiingereza tupu twende wapi.

Mpishi akaanza: "We go Ndola."

Nikashtuka. Kwetu "we" ni wewe. Kwa nini niende Rodezia peke yangu? Nikamrudishia: "No. We go Ndola." Fundi, ambaye hakuwa na pasi hata ya kufika Kipushi hapo jirani, akadhani tunamsukumia yeye. "We, we go," akajibu, kidole kwa mpishi, kidole kwangu. Tulitumana hivyo mpaka, naapa, ukuta ukapata nyufa.

"Munagombania nini?" mwalimu akauliza.

Nikamshtakia: "Bwana mwalimu, hawa bananifukuza. Banataka niende Ndola mimi moja."

"Lakini 'we' ni sisi. Mumekubali wote mutaenda pamoja. Mbona iko muzuri?"

Barua akapewa fundi, kwa kuwa yeye peke yake hakusema "no". Mimi nikarudishwa darasa la chini, ambako kwa mwezi mzima sikuelewa inakuwaje Waingereza wajiite wewe.