Neno "copy" kwenye redio lilivyomponza supervisor wangu Doha

Wakuu, heshima kwenu. Hili hata mke wangu sijawahi kumsimulia, na sitalipamba.

Miaka ya 2010 nilikuwa security Doha, kwenye jumba la maonyesho ya picha. Nilikuwa na wiki tatu tu kazini, bado niko kwenye probation. Ukiharibu, unapandishwa ndege.

Lindo langu lilikuwa na picha mbili za mzee mmoja mwenye kola nyeupe, zimetundikwa bega kwa bega. Zote za karne ya kumi na saba. Moja aliichora fundi mwenyewe, ya pili aliichora msanii mwingine akiiga ile ya kwanza. Hiyo ya pili waliiita copy.

Mimi copy niliyoijua ni ya stationery. Kumbe kuna copy ya miaka mia nne, tena ina mlinzi. Nilichanganyikiwa kabisa.

Supervisor wangu alikuwa Mkenya, Wafula. Mtu poa sana, ndiye aliyenipokea na kunipa godoro lake la akiba.

Mchana mmoja akaniita kwenye redio, kwa jina la kwetu kama alivyozoea. "Tanga, watu wa transport wanakam kuchukua huyo mzee. Copy?"

Nikajibu, "Ndiyo, copy."

Sasa wakuu, Bongo nilikolinda tulizoea kujibu "roja". Sikujua kwamba mwenzangu akisema "copy" anauliza kama nimempata. Nilidhani ananitajia picha ipi. Naye aliposikia jibu langu akajua nimeelewa.

Karatasi ya jamaa wa transport iliandikwa picha ya mzee, basi. Nikawaonyesha copy, wakaipaki, wakaelekea nayo airport.

Iliyotakiwa kuondoka ilikuwa original; kwa Wafula "mzee" ni huyo, ile nyingine ni copy tu.

Haikupita saa, Madam, meneja wetu, akaikuta original bado ukutani. Gari likarudishwa likiwa njiani, Al Thumama, picha haina hata mkwaruzo. Lakini Madam alitaka mtu wa kumbebesha lawama.

Akamuuliza Wafula, "Ulimwambia nini huyu?"

"Nilisema copy, Madam, lakini..."

Akamkata kauli, akanigeukia. "Ni kweli alisema copy?"

Wafula akanitazama, anasubiri nieleze. Mimi naiona tiketi ya kurudi Tanga.

Nikasema, "Ndiyo, Madam."

Wafula alihamishwa siku hiyohiyo, akapelekwa Lusail kulinda geti la site, juani. Mimi probation nikapita.

Baadaye nikakutana naye dukani mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, uso umebabuka. Akanisalimia vizuri tu, akaniuliza mama yangu anaendeleaje. Niliona aibu, nikababaika, nikaondoka bila kununua kitu.

Funzo nililopata: neno usilolielewa, uliza, kuuliza si ujinga. Na mtu akikutazama akisubiri umtetee, usiishie kujibu swali uliloulizwa.

Haya, uwanja wenu, nisemeni mtakavyo. Ila msinifariji kwamba sikudanganya. Hilo nalijua, na ndilo linaloninyima amani.