Doa la Bibi

Nimewapamba waigizaji kwa miaka arobaini, na midomo ya watu bado inanikera. Binti mmoja mwigizaji alipotokea katika filamu yake ya kwanza, walisema amejichora doa jeusi shavuni ili afanane na marehemu bibi yake, nyota wa filamu aliyeupa ukoo mzima jina. Eti anakula jasho la marehemu. Tangu hapo, kila akikaa kwenye kiti changu huniambia, "Babu, lifunike. Nataka waone kazi, si ukoo."

Nami hulifunika kwa poda. Lakini jana, kwenye filamu yake ya nne, aliyoipata kwa kupanga foleni ya usaili kama mtu yeyote, uzalendo ulinishinda. Nikaweka brashi chini.

"Mjukuu wangu, hilo lako ni la kuzaliwa. La bibi yako nilikuwa nalichora mimi, kwa wanja, kila asubuhi. Aliniapisha nisimwambie mtu."

Alijitazama kwenye kioo, kisha akachukua pamba na kujifuta poda taratibu.

"Kumbe yeye ndiye aliyekuwa ananiiga mimi," akasema, akaenda kusimama mbele ya kamera.